Mtu anapigwa mbele yako: mwongozo kamili wa kuingilia bila kujiangamiza

Mtu anapigwa hadharani. Watu thelathini wamezunguka, simu ziko juu, hakuna anayesogea. Jioni kila mmoja anasimulia nyumbani kwake na kumalizia kwa maneno yaleyale: "Nilitaka kusaidia, ila..." Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya hiyo "ila".

Kosa hili hujirudia kwa watu wema, wale ambao wangemvusha mzee barabara bila kuombwa. Hawakosi moyo. Wanakosa kitendo cha kwanza. Kuwaambia "msinyamaze" hakujawasaidia, maana hakuelezi neno gani litangulie, aambiwe nani, na msemaji awe amesimama wapi.

Kuingilia si kupigana. Hatua nyingi zilizomo humu hufanyika bila kumgusa mtu, na baadhi hufanyika ukiwa ng'ambo ya barabara. Soma leo, kariri sentensi zilizowekwa kwenye alama za usemi, kwa sababu siku ya tukio hutakuwa na muda wa kusoma.

## Vitu vya kuwa navyo

- Simu yenye chaji. Jifunze kuifikia sehemu ya simu za dharura bila kufungua skrini. Hifadhi namba ya polisi, ya gari la wagonjwa, na ya huduma za ukatili wa kijinsia na watoto za nchi uliyopo. Simu za GSM, yaani zinazotumia mfumo wa kawaida wa simu za mkononi, zimeundwa kuitambua 112 kuwa namba ya dharura, lakini usibaki na hiyo peke yake.
- Filimbi kwenye funguo. Sauti hukauka kwa hofu, filimbi haikauki.
- Glovu za mpira jozi 2, na kitambaa safi cha pamba kinachoweza kukunjwa mara nne kikabaki na upana wa kiganja. Bandeji pana ni bora zaidi.
- Kalamu na karatasi. Chaji ya simu inaweza kuisha katikati ya kazi.
- Mazoea ya kujua ulipo. Kila unaposhuka kwenye gari au kuingia mtaa usioujua, tafuta alama moja kubwa: kituo, jengo, njia panda. Msaada hupotea njiani mara nyingi kwa sababu aliyepiga simu hakuweza kusema yuko wapi.
- Sentensi tatu ulizozikariri: "Huyu anaumizwa!" na "Wewe wa shati la bluu, piga polisi sasa hivi" na "Dada, uko salama? Unataka tuondoke hapa?"

Usibebe silaha kwa ajili ya kazi hii. Ukichomoa kisu, polisi wakifika watakuta wenye visu wawili, na hawatajua yupi ni yupi.

## Hatua ya 1: Tazama kwa sekunde tano

Simama pale ulipo. Vuta pumzi moja ndefu, itoe taratibu. Kisha tafuta majibu ya maswali manne: Kuna silaha? Wanaopiga ni wangapi? Anayepigwa ana njia ya kutokea? Na mimi njia yangu ya kutokea iko wapi?

Kwa nini. Mwili ukishtuka, macho hung'ang'ania kitu kimoja, kwa kawaida ngumi au damu. Mtu anayekimbilia ngumi haoni kisu kilicho kwenye mkono wa pili, wala yule rafiki wa mpigaji aliyesimama nyuma akiwa amekunja mikono. Sekunde tano hizi hukuonyesha vyote viwili.

Onyo. Sekunde tano zisigeuke dakika tano. Kila unavyozidi kutazama bila kutenda, kutenda kunazidi kuwa kugumu, kwani sasa utalazimika pia kujieleza kwa nini hukutenda mapema.

Utajua umefaulu ukiweza kusema kimoyomoyo sentensi moja kamili: "Wanaume wawili, mmoja ana fimbo, anayepigwa yuko chini, mimi nitatokea upande wa duka."

## Hatua ya 2: Amua kama ni ugomvi au ni kipigo

Hapa ndipo wengi huangukia, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Tukio likiwa na utata, binadamu husoma nyuso za wenzake. Wewe unamtazama jirani kuona kama ameshtuka, naye anakutazama wewe. Kila mmoja amejikaza asionekane mwoga au kimbelembele, basi kila mmoja anaona utulivu na kuhitimisha kwamba hakuna jambo. Mwaka 1968 wanasaikolojia Bibb Latané na John Darley walilipima hili kwa kuingiza moshi kwenye chumba ambamo watu walikuwa wakijaza fomu. Waliokuwa peke yao, asilimia 75 walitoka kutoa taarifa. Waliokuwa na watu wawili walioagizwa wajifanye hawaoni kitu, ni asilimia 10 tu waliotoka. Wengine waliendelea kujaza fomu huku wakiupunga moshi kwa mikono. Hawa hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wakisoma nyuso za wenzao.

Kinga yake ni kuwa na vigezo vyako mwenyewe, ambavyo havitegemei uso wa mtu mwingine. Kihesabu kuwa kipigo ukiona hata kimoja kati ya hivi:

- Mmoja anajaribu kuondoka, mwingine anamzuia au anamvuta.
- Mmoja anapiga, mwingine anajikinga tu.
- Kuna mkono shingoni.
- Kuna mtu aliye chini na bado anapigwa.
- Mmoja ni mtoto.
- Mtu amesema "nisaidieni", hata kwa sauti ndogo, hata kwa macho.

Mtego mkubwa: "ni mambo ya mke na mume." Mwaka 1976 watafiti Lance Shotland na Margret Straw waliandaa igizo la mwanamume akimshambulia mwanamke mbele ya watu. Mwanamke alipopiga kelele kwamba hamjui mwanamume huyo, asilimia 65 ya walioshuhudia waliingilia. Kipigo kilekile, aliposema hajui kwa nini aliolewa naye, walioingilia walikuwa asilimia 19. Mpigaji analijua hili. Ndiyo maana neno lake la kwanza kwa umati huwa "Huyu ni mke wangu, tuacheni." Litendee neno hilo kama taarifa tu. Halibadilishi vigezo vilivyo hapo juu.

Wapo watakaokupigia methali: ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Methali hiyo inasema *wakigombana*. Anayepigwa akiwa chini hagombani na mtu.

Utajua umefaulu ukiacha kujiuliza "wengine wanaonaje?" na kujiuliza "kigezo gani kimetimia?"

## Hatua ya 3: Sema kwa sauti unachokiona

Paza sauti: "Huyu anaumizwa! Anampiga mtu aliye chini!" Puliza filimbi kwanza kama sauti haitoki.

Sema unachokiona tu, bila tusi wala hukumu. "Acha ushenzi wewe!" humpa mpigaji adui mpya wa kumgeukia. "Anapigwa mtu hapa!" huwapa watu thelathini tafsiri moja ya tukio, na ule utulivu wa kusomana nyuso unavunjika. Kuanzia hapo hakuna awezaye kujidanganya kwamba wale wanataniana.

Linaloharibika hapa: watu husema kwa sauti ya kunong'ona, wakimwambia mwenzao wa karibu, "Mbona anampiga hivyo?" Swali linaloulizwa pembeni huzaa swali jingine pembeni. Geuza kifua kielekee umati, siyo mpigaji, na upige sauti kutoka tumboni.

Utajua umefaulu ukiona vichwa vinageuka kukutazama. Una sekunde chache za kuvitumia kabla havijageukia tena tukio.

## Hatua ya 4: Gawa kazi, mtu mmoja mmoja

Hii ndiyo hatua yenye nguvu kuliko zote, nasi tungependa uzisahau zote zilizobaki kuliko kuisahau hii.

Usiseme "Jamani, mtu apige polisi!" "Mtu" hayupo hapo. Katika jaribio jingine la Darley na Latané la mwaka 1968, washiriki walimsikia mtu waliyedhani ni mwenzao akipatwa na kifafa kupitia kipaza sauti cha chumbani. Walioamini kwamba ni wao tu waliosikia, asilimia 85 walitoka kuomba msaada kabla sauti haijakatika. Walioamini kuna wengine wanne wanaosikia walikuwa asilimia 31. Mzigo uliogawanywa kwa watano hauna anayeubeba.

Basi mkabidhi mtu mmoja. Fanya hivi:

1. Mwangalie machoni na umnyooshee mkono ulio wazi.
2. Mwite kwa kitu kinachoonekana: "Wewe kaka mwenye kofia nyeusi." "Mama mwenye kapu." "Wewe mwanafunzi wa begi jekundu." Usimwite kwa kilema, unene wala kabila. Ataona aibu, na mwenye aibu hutafuta pa kujificha.
3. Mpe kitendo kimoja tu: "Piga polisi." Mambo mawili kwa mkupuo mmoja hupotea yote.
4. Mdai majibu: "Kisha njoo uniambie wamesemaje." Hapo kazi imekuwa ahadi.
5. Nenda kwa mtu wa pili.

Kazi za kugawa, kwa mpangilio huu: kupiga simu polisi, kumwita mlinzi, dereva, mwalimu au mwenye mamlaka wa mahali hapo, kusimama nawe bega kwa bega, kuwaondoa watoto, kurekodi, kwenda njia panda kulielekeza gari la wagonjwa.

Kazi ndogo inatosha kumbadilisha mtu. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Thomas Moriarty alionyesha hilo ufukweni kwa wizi wa kuigiza: mwenye redio alipomwomba jirani yake amwangalizie vitu, asilimia 95 ya walioombwa walimzuia "mwizi" alipokuja. Walioombwa kiberiti tu, asilimia 20. Tofauti yao ilikuwa ombi moja fupi.

Usiogope kwamba hakuna atakayekufuata. Watafiti waliopitia video 219 za ugomvi wa hadharani, zilizonaswa na kamera za mitaani za Amsterdam, Lancaster na Cape Town, walikuta kwamba katika takriban matukio tisa kati ya kumi angalau mtu mmoja aliingilia, na kadiri watu walivyokuwa wengi ndivyo uwezekano wa kupatikana mtu huyo ulivyoongezeka. Msaada umo ndani ya umati. Unasubiri kuitwa.

Utajua umefaulu ukiona angalau mtu mmoja ana simu sikioni na mmoja amesimama karibu yako.

## Hatua ya 5: Simu ipigwe hivi

Kama ni wewe unayepiga, anza na mahali. Simu ikikatika baada ya sekunde kumi, watajua pa kuja. Anayeanza na "Jamani kuna mtu anauawa huku!" akikatikiwa, hakuna alichosaidia.

Mpangilio: uko wapi na alama iliyo karibu; nini kinatokea; wahusika wangapi; silaha ipo au haipo; nani ameumia na je, anapumua; jina lako ukitaka kulitoa. Usikate simu wewe. Subiri mpokeaji akate, kwa sababu atakuwa na swali la nyongeza.

## Hatua ya 6: Chagua njia ya kumfikia anayepigwa

Kuna njia tatu. Chagua kwa kuangalia silaha, wingi wao na nguvu ulizonazo.

Kukatiza. Ndiyo salama zaidi, na hufaa pale kipigo hakijapamba moto: mtu anavutwa, anatukanwa, anafuatwafuatwa. Zungumza na *anayeonewa*, si anayeonea, kana kwamba humwoni huyo mwingine. "Samahani dada, kituo cha basi kiko wapi?" Au umfanye wa kwenu: "Aisee, tumekutafuta muda mrefu, twende, wenzako wanasubiri." Mpigaji hupoteza mwendo, na mwathirika hupata mlango. Akikukatalia kwa kichwa au kwa macho, usimlazimishe. Huenda anajua jambo usilolijua kuhusu kitakachomkuta baadaye. Baki karibu uonekane.

Kusema moja kwa moja. Hii ni pale ambapo hakuna silaha na una angalau mtu mmoja pembeni yako.

Kaa mbali kiasi cha mita 3, kwa mshazari, usikae uso kwa uso. Mikono iwe wazi, usawa wa kifua, viganja vikionekana. Kutoka hapo unaweza kujikinga bila kuonekana umejiandaa kupigana. Sauti iwe nzito na ya chini, maneno machache: "Mwache. Polisi wanakuja." Rudia hayohayo mara tatu, nne. Usijibu hoja zake, usimuulize kisa, usimwambie atulie. Ukishaingia kwenye mabishano, umeshaacha kazi yako.

Mwachie njia ya kuondokea. Mpigaji aliyezungukwa pande zote hupigana kama mnyama aliyebanwa. Mkijipanga kwa nusu duara, upande mmoja wazi, wengi huondoka wenyewe huku wakitukana. Waacheni watukane.

Kukaa mbali na kuita msaada. Kukiwa na kisu, panga au bunduki, hii ndiyo njia yako. Weka kitu kigumu kati yenu: gari, ukuta, kaunta. Mtu mwenye kisu huzimaliza mita kadhaa kabla hujainua mguu. Kelele, filimbi, honi za magari na taa nyingi kuwashwa kwa pamoja hufanya kazi bila mtu kusogea.

Makosa matatu yanayoumiza waingiliaji:

- *Kujipenyeza katikati.* Ngumi inayokuja haikuwa yako, na itakupata wewe.
- *Kumshika mpigaji kwa nyuma.* Atageuka kabla hajajua wewe ni nani. Pia ukimshika mikono na anayepigwa akapata nafasi ya kurudisha, umemshikia mtu apigwe.
- *Kumvuta mwathirika kwa nguvu.* Kwake yeye, wewe ni mkono mwingine unaomkamata. Nyoosha mkono, sema "Twende huku," umwache aushike.

## Umati wenyewe ukiwa ndio unaopiga

Hili lina kanuni zake, na ukitumia zilizo hapo juu bila kubadilisha unaweza kuongezwa kwenye kipigo.

Mtu ameitiwa "mwizi!" na watu wamemzunguka. Usiulize "Amefanya nini?" Swali hilo linafungua kesi, na kesi ya namna hiyo huisha kwa mawe. Usiseme "Mnamwonea" wala "Hana hatia." Hujui, na kuanzia hapo utaitwa mwenzake.

Tazama mikono. Katika umati wa aina hii wanaopiga hasa huwa wachache. Wengine wamekunja mikono, wengine wameiweka kichwani, wengine mdomoni. Nenda kwa hao wenye mikono mitupu walio pembezoni, hasa mtu mzima anayeheshimika mahali hapo. Mnong'oneze: "Mzee, wewe watakusikia. Tumkabidhi polisi akiwa hai." Ukipata watatu au wanne, ingieni pamoja.

Maneno yenu yawe ya kuupa umati kazi nyingine: "Ameshakamatwa! Mkalisheni chini! Polisi wanakuja kumchukua!" Hasira inayosikia kwamba kazi imekamilika hupungua kuliko inayoambiwa ni ovu. Mkalisheni kando ya ukuta, mgongo ukutani, nanyi simameni mbele yake *mkiutazama umati*, migongo kwake. Mkono unaoinua jiwe husita unapokuta uso unaoujua.

Mkishindwa kupata wa tatu, usiingie peke yako. Ita polisi, ondoa watoto, na ukariri nyuso.

## Kelele za kipigo kutoka nyumba ya jirani

Piga simu kwanza kama unasikia kitu kikivunjwa, mtu akilia kuomba, au ukimya wa ghafla baada ya kelele. Huo ukimya usikutulize.

Kisha, ukiwa na mwenzako, gonga mlango kwa kisingizio: maji yamekatika, mnaazima chaja, mnatafuta mtoto. Rudini nyuma mita 2 baada ya kugonga. Msiingie ndani. Lengo ni kukatiza tu. Mara nyingi dakika moja ya kufungua mlango huvunja mwendo wa kipigo.

Usiseme "Nimesikia ukimpiga mkeo." Atakapofunga mlango, mke ndiye atakayelipia sentensi yako. Mazungumzo ya kweli yafanye kesho, na yeye peke yake: mwambie umesikia, mwambie si kosa lake, muulize anataka ufanye nini. Kubalianeni ishara ya kuomba msaada, kama neno moja kwenye ujumbe wa simu au nguo fulani kuanikwa dirishani. Mwanzishie pia kumbukumbu: tarehe, saa, ulichosikia. Ikihusu mtoto, usingoje ruhusa ya mtu, toa taarifa.

## Hatua ya 7: Mwangalie aliyeumia

Mpeleke penye mwanga na watu, umbali ambao mpigaji haonekani. Vaa glovu.

Damu nyingi: kandamiza kidonda moja kwa moja kwa kitambaa na viganja viwili, kwa uzito wa mwili, dakika 10 bila kuchungulia. Kuchungulia hubandua damu iliyoanza kuganda. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake. Kisu kilichobaki mwilini kisichomolewe. Kizungushie kitambaa pembeni kisitikisike. Damu ya mkono au mguu ikikataa kabisa, funga kwa nguvu kitambaa chenye upana wa vidole vitatu au zaidi, sentimita 5 hadi 8 juu ya kidonda kuelekea kiwiliwili, si kwenye goti wala kiwiko, ukaze kwa kuzungusha kijiti mpaka damu ikome. Andika saa uliyofunga. Usilegeze wewe, mwachie daktari.

Amezimia lakini anapumua: mlaze ubavu, kichwa kimeinama nyuma kidogo ili njia ya hewa iwe wazi. Hapumui: kandamiza kifua katikati, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike.

Alikabwa koo: hospitali, hata akisema yuko sawa, hata kama shingo haina alama. Mtu aliyekabwa anaweza kupoteza fahamu ndani ya sekunde kumi hivi, na uvimbe wa ndani au jeraha la mshipa wa damu huweza kujitokeza saa kadhaa baadaye au hata siku kadhaa. Uliza na usikilize: sauti imekwaruza? Kumeza kunauma? Kuna vidoti vyekundu machoni? Alijikojolea? Kuna kipande cha tukio hakikumbuki? Hiki ndicho kitu tunachokiona kikipuuzwa kuliko vyote, kwa kuwa hakuna damu ya kumshtua mtu.

Akiwa amebakwa, asioge wala kufua nguo kabla ya kupimwa, na afike kituo cha afya ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, kwa ajili ya dawa za kinga ya VVU. Uamuzi wa kushtaki ni wake na unaweza kungoja. Dawa hazingoji.

## Hatua ya 8: Rekodi, lakini kwa masharti

Sharti la kwanza: mtu mwingine tayari anasaidia. Simu kumi zinazorekodi na mikono mitupu sifuri ni kuongeza watazamaji tu.

Shika simu kwa upana. Anza na alama ya mahali, kisha tukio, kisha uso wa mpigaji. Kaa kwenye kila picha sekunde 10 bila kuyumba. Taja tarehe na saa kwa sauti. Usirushe mubashara, usibandike popote. Video ni ya mwathirika. Mpe, umuulize anataka ifanyiwe nini. Kuna aliyepigwa mara moja na mpigaji, kisha akadhalilishwa kila siku na video.

## Hatua ya 9: Saa moja inayofuata

Usitawanyike na wengine. Mwambie mwathirika jina lako, kwamba uliona, na kwamba si kosa lake. Mpe namba yako ikiwa unakubali kuwa shahidi. "Niliona" kutoka kwa mgeni humwondolea mtu mzigo wa kuanza kuthibitisha kwamba aliumizwa.

Andika ulichokiona *kabla* ya kukizungumza na mashahidi wengine. Kumbukumbu huambukizana: mkishasimuliana, wote mtakumbuka shati jekundu la yule aliyesimulia kwa kujiamini. Andika nguo, urefu, maneno yaliyosemwa, njia aliyokimbilia. Usilolikumbuka liache wazi.

Mikono itatetemeka, huenda ukalia usiku au ukakosa usingizi. Zungumza na mtu unayemwamini. Hali hii ikizidi wiki chache, onana na mshauri nasaha.

## Zoezi la kila wiki

Ukiwa kwenye basi au foleni, chagua watu watatu usiowajua. Kimoyomoyo mwite kila mmoja kwa alama inayoonekana na umpe kazi moja: "Kaka wa jaketi la kijani, piga polisi." "Dada wa miwani, simama hapa nami." "Baba mwenye gazeti, mwite dereva." Kisha tafuta mlango wa kutokea na alama ya mahali.

Inachukua chini ya dakika moja. Ukiweza kuifanya bila kusitasita kwenye maneno, ongeza ugumu: tamka sentensi ya kwanza kwa sauti kamili ukiwa peke yako nyumbani, "Huyu anaumizwa!", mpaka koo lizoee kuitoa.